Kalamu Isiyochovywa

Kabla ya kutengeneza kitu kilichofanya kazi, Mama Majaribio alikuwa ametengeneza vitu kumi na kimoja vilivyogoma. Kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo iliyozungushwa kwa gurudumu, ikachana shuka mbili siku ya kwanza. Kulikuwa na mfuniko wa sufuria uliotakiwa kupiga mluzi maji yakichemka, na kweli ulipiga mluzi, ila maji yalipokuwa yameshakauka na sufuria imeungua. Halafu kulikuwa na mtego wa panya ambao katika maisha yake yote ulikamata kiumbe kimoja tu, nacho kilikuwa kidole gumba cha mguu wa wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, aliishi nao kwenye chumba cha uani, na ndiye aliyembandika jina la Mama Majaribio. Mtaa mzima ukalidaka. Mwenyewe hakununa, alisema afadhali kuitwa kwa kazi yako kuliko kuitwa kwa umbo lako.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya kofia. Alitengeneza zile kofia ngumu za sufu, za ukingo mpana, ambazo hazifumwi wala hazisukwi. Sufu inalowekwa, inashindiliwa, inapigwa mvuke mpaka nyuzi zishikane zisiachane tena, halafu inavutwa juu ya kichwa cha mbao ipate umbo. Ukingo unapakwa gundi iliyoyeyushwa kwenye spiriti ili usilegee. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye karakana hiyo, na vidole vyake vilijua unene wa sufu kuliko rula.

Mumewe alikuwa mwandika alama kwenye ghala la mizigo. Kila sanduku la mbao lililotoka mle lilipita kwanza mbele yake, naye kwa brashi na kopo la wino mweusi aliandika liendako, namba yake, na upande wa kukaa juu. Herufi zake zilinyooka hata wapagazi wakamwita Bwana Herufi, na jina hilo alilivaa kama suti ya sikukuu. Ghala zima hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa ile brashi. Aliiogesha kwa mafuta ya taa kila jioni na kuilaza kitandani mwake, maana alikuwa ameitengenezea kijisanduku chenye kitambaa ndani, na mkewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atamkuta ameifunika shuka.

Tabu ilikuwa mkono. Mkono wa kulia wa Bwana Herufi ulikuwa unatetemeka. Ulianza miaka miwili nyuma, kidogokidogo, na nyumbani kwao jambo hilo halikuwa na jina. Kijiko kikigonga kikombe, mume alisema ni baridi. Siku za joto alisema ni kahawa. Akaacha kahawa, na kijiko kikaendelea kugonga. Mkewe alisema ni uchovu, akawa anamjazia kikombe nusu. Hata wifi, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na komeo, kwenye hilo aliufunga.

Basi Jumatatu moja jioni Bwana Herufi akarudi kazini uso umemshuka, akakaa bila kuvua viatu.

"Lile sanduku la vioo limeonekana," akasema.

"Liko wapi?" mkewe akauliza.

"Kwa daktari wa mifugo. Safari ya siku nne. Lilikuwa la kinyozi. Tone lilidondokea kwenye tatu, ikawa nane."

Wifi akaangua kicheko, akakimeza alipoona hakuna mwenzake.

"Msimamizi anasemaje?"

"Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka ofisi kuu. Nitaandika masanduku kumi mbele yake. Likidondoka tone moja, napelekwa getini. Kazi yangu itakuwa kufungua na kufunga."

"Si utaandika tu. Umeandika miaka ishirini na sita."

"Nitaandika," akasema. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia.

Mama Majaribio alikwenda jikoni akasimama mbele ya sufuria bila kujua alichofuata. Alimpenda mtu yule. Alimjua pia: geti lingemmaliza kabla mvi hazijamaliza kichwa chake. Siku nne zilikuwa zimebaki, na hasira aliyokuwa nayo hakujua aimwagie nani.

Jumanne asubuhi alikuwa karakanani akipunguza ukingo wa kofia, mawazo yako kwingine, pindi kipande cha sufu kilipoponyoka kikatumbukia kwenye beseni la rangi nyeusi. Akakichomoa, akakitupa pembeni ya meza. Pembe ya kile kipande iliburuzika juu ya mbao, ikaacha mstari.

Aliuangalia ule mstari. Ulikuwa mweusi, mnene, umenyooka, na pembeni yake hakukuwa na tone hata moja. Akakichukua kipande akakiburuza tena. Mstari. Akakiinua juu na kukitikisa, hakikudondosha.

Brashi inabeba wino kwa nje, akawaza, ndiyo maana inadondosha. Sufu inaubeba tumboni. Na kuna la pili, ambalo lilimfanya akae chini kwenye kiti. Brashi lazima ielee. Mwenye brashi haegemei popote, mkono wake unaning'inia hewani peke yake, na kila kutikisika kwake kunaonekana. Sufu ngumu unaikandamiza kwenye mbao na mbao inakushikilia. Akaangalia kulia na kushoto, akahakikisha hakuna anayemtazama, akautetemesha mkono wake kwa makusudi kama alivyouona ule mwingine kila siku mezani kwake, akaandika herufi A. Ilitoka A. Haikuwa A ya kutundikwa ukutani, lakini hata asiyejua kusoma vizuri angeisoma.

Tangu hapo mpaka saa ya kutoka kofia alizozitengeneza hazikuwa na mbele wala nyuma.

Nyumbani alitafuta kitu cha kuwekea wino. Wifi yake alikuwa na vidonge vya magoti vilivyouzwa ndani ya kikopo chembamba cha bati, urefu wa kidole cha kati, chenye kifuniko cha kuzungusha. Alivimimina vidonge kwenye bakuli la sukari, akakiosha kikopo, akajaza rangi, akaukata ukingo wa sufu na kuukandamiza mdomoni mwa kikopo ukatokeza ncha. Kisha akaandika juu ya ubao wa kukatia mboga.

Wino ulimwagika wote kwa mpigo. Sufu ilikuwa laini mno. Akapiga nyingine mvuke, akaishindilia kwa pasi mpaka ikawa ngumu kama soli, akaandika tena. Safari hii haikumwagika, lakini ile rangi ilikuwa ya maji, na maji yaliingia kwenye mishipa ya mbao yakatambaa. Herufi zote ziliota ndevu.

"Unapika nini?" wifi aliuliza kutoka mlangoni. "Na vidonge vyangu vimefuata nini kwenye sukari?"

"Wifi, usinisemeshe sasa hivi. Naomba sana."

"Haya. Ila leo chai yako itakuponya magoti."

Ndevu zilimpa kazi mpaka jua linazama, kisha zikanyolewa na kitu alichokuwa nacho kwenye vidole miaka kumi na tisa: gundi ya ukingo, ile ya spiriti. Alichanganya unga wa rangi na spiriti, akatia gundi kiasi cha kijiko kidogo. Spiriti iliruka hewani mara moja na gundi ikaishika rangi pale pale ilipoguswa. Kabla hujahesabu tano herufi ilikuwa imekauka. Aliipitishia kidole, akaipitishia kitambaa chenye maji, akaikwaruza kwa ukucha. Ikabaki imekaa. Mama Majaribio alicheka peke yake jikoni, akajishika mdomo.

Jumatano aliomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino. Alijaza kikopo wino mpya, akachukua ubao, akaandika JUU. Safi. Akaendelea kuandika CHINI. Alipata C, akapata H, I ikatoka kijivu, na baada ya hapo kalamu ikawa inakwaruza tu. Akaifungua: wino umejaa tele. Akaifunga, akaitikisa, ikatema mate meusi ukutani, ikaandika herufi mbili, ikagoma. Akabadilisha ncha. Akapunguza gundi. Akaongeza spiriti. Akaisemesha kwa upole, akaitukana. Kila mara ni herufi nne au tano, halafu ukame. Saa nane mchana alikuwa amekaa juu ya kigoda ameshika tama, mashavu yana madoa, na siku zilizobaki zilikuwa moja na nusu. Alikuwa karibu kulia, na angelia kama wifi asingeingia kupika chai.

Wifi alichukua kopo la maziwa, akalitoboa kwa msumari na jiwe, akaligeuza juu ya sufuria. Maziwa yalidondoka mara mbili, yakasita. Akasonya, akaliweka kopo mezani, akapiga msumari upande wa pili wa kifuniko, akaligeuza tena. Maziwa yakatiririka.

Hilo Mama Majaribio alikuwa ameliona kila siku tangu utotoni. Siku hiyo alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka.

"Wifi, kwa nini umetoboa mara mbili?"

"Ili yatoke."

"Lakini tundu la kwanza si lilikuwepo?"

Wifi alimtazama kwa jicho la kumhurumia. "Wewe leo umelala vibaya. Maziwa yatatokaje hewa haijaingia? Hilo hata mimi ambaye sijatengeneza kitu nalijua."

"Mimi sikujua."

"Ulijua. Hujaulizwa tu."

Mama Majaribio alimnyang'anya msumari. Alilitoboa tako la kikopo, akakiinua kwa furaha, na wino wote ukaruka kupitia tundu jipya ukaenda kutua kifuani pa wifi, kwenye gauni la rangi ya maziwa. Kwa dakika kadhaa yaliyosemwa mle jikoni hayaandikiki. Lakini hata akiwa anatukanwa alikuwa amekwisha kuelewa: tundu lilikuwa kubwa mno. Hewa inatakiwa iingie kwa kunong'ona. Akachukua kikopo cha pili cha vidonge vya wifi, akachomoa pini ya kofia kwenye mto wake wa pini, ile nyembamba kuliko zote, akatoboa.

Akaandika JUU. Akaandika CHINI. Akaandika jina la mtaa, namba ya nyumba, jina la ukoo wa mumewe, akajaza ubao akahamia mezani. Kalamu haikusimama. Akaandika MEZA juu ya meza, MLANGO juu ya mlango, KIGODA chini ya kigoda. Alikwenda chumbani akaandika KABATI, akarudi mbio, akaandika NDOO, na alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na wifi naye, ambaye dakika tano nyuma alikuwa amemwapia kutomsamehe mpaka kaburini, alikuwa anamfuata nyuma akimwonyesha pa kuandika.

"Hapo dirishani bado. Na mimi je, utaniandika nini?"

Akamshika mkono akamwandikia kuanzia kiwiko mpaka kiganjani: TARATIBU, KINAVUNJIKA. Wifi alitembea na maandishi hayo wiki mbili, maana wino haukuwa wa kutoka kwa sabuni, na kila aliyemsalimia kwa mkono alimwachia upesi.

Bwana Herufi aliporudi jioni alisimama kizingitini. Aliusoma mlango, akaisoma meza, akausoma mkono wa dada yake. Mtu wa fani ni mtu wa fani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Hiyo U imelala."

"Imeandikwa na mimi," mkewe akasema, pumzi zinampaa. "Kwa hii. Haichovywi. Haidondoshi. Shika."

Hakushika. Aliitazama kiganjani mwa mkewe, kikopo cha bati chenye ulimi mweusi. "Ya nini?"

"Ya kukupunguzia kuchovya."

"Kuchovya hakujawahi kunichosha."

"Nimesema kupunguza tu. Na Ijumaa..."

"Ijumaa nitaandika kwa brashi yangu. Nikasimame mbele ya mkaguzi na kikopo cha vidonge vya magoti? Wapagazi watapata wimbo wa mwaka mzima."

Kulikuwa na sentensi moja tu ambayo ingefaa kusemwa hapo, na wote watatu waliijua, na hakuna aliyeisema. Mama Majaribio aliiweka kalamu juu ya kabati, akaenda kuosha vyombo kwa kishindo. Alimkasirikia sana. Alijikasirikia pia, kwa kuwa hata yeye alikuwa amesema "kuchovya" badala ya neno lenyewe.

Alhamisi alfajiri aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda hauna mtu. Juu ya kabati hakuna kalamu. Akanyata mpaka dirishani, akasogeza pazia kidogo. Mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaingia uani. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao wa zamani aliouegemeza ukutani, ameegemeza kidole cha mwisho kwenye mbao, na anaandika. Mkewe alizuia pumzi. Mkono ulikuwa unatetemeka, ndiyo, aliuona kutoka pale pale. Lakini ncha ya sufu ilikuwa imekandamizwa na mbao imeishikilia, na herufi zilikuwa zinatoka moja baada ya moja, pana, zimesimama, zile zile za miaka ya nyuma alizomwandikia kwenye barua za uchumba. Alipomaliza mstari akarudi nyuma kidogo akautazama, kichwa ameinamisha upande. Mama Majaribio alirudi kitandani akajifunika gubigubi akajifanya amelala. Chini ya shuka alikuwa amejiuma ngumi kwa furaha.

Mume alipoondoka, alikwenda uani. Ubao ulikuwa umegeuziwa ukutani. Akaugeuza. Ulikuwa na alfabeti nzima, mara tatu. Na kalamu ilikuwa imekwenda kazini.

Ijumaa saa nne na nusu alifika ghalani na kapu la chakula cha mchana, mapema mno kwa chakula, na hakuna aliyedanganyika. Ghala lilinuka mbao mbichi na kamba. Wapagazi walikuwa wameacha kazi wamejipanga kando ya mzani, na mpagazi mmoja aliyechelewa alikuwa angali na sanduku begani kwa kuogopa kupitwa. Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyecheka wala asiyenuna. Msimamizi wa ghala alikuwa anatoka jasho kwa niaba ya watu wote.

Masanduku kumi yalikuwa yamepangwa mstari. Bwana Herufi alisimama mbele ya la kwanza, na kopo la wino halikuwepo.

"Brashi iko wapi?" msimamizi akauliza.

"Imelala," akasema Bwana Herufi, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

Mmoja wa wapagazi alicheka, kisha hakucheka tena. Sanduku la kwanza liliisha kabla watu hawajatulia. La pili, la tatu. Hakuchovya, hakukung'uta, hakufuta. Aliegemeza kidole, akaandika, akasogea. Kwenye sanduku la sita wapagazi walianza kuhesabu kwa sauti, na kwenye la nane Mama Majaribio alikuwa anahesabu nao, kapu amelikumbatia kifuani. La kumi. Mkaguzi alipita sanduku kwa sanduku, akaipitishia kila namba kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Nani katengeneza?" akauliza.

"Mke wangu. Yule pale mwenye kapu."

Mama Majaribio alihisi ghala limekuwa dogo. Miaka yote ya kamba zilizochana shuka na mifuniko iliyounguza sufuria, na sasa mtu kutoka ofisi kuu alikuwa anaigeuzageuza kazi yake mwangani. Angeweza kuruka juu ya mzani.

Mkaguzi aliichukua kalamu akaandika mwenyewe jina la ghala ubavuni mwa sanduku. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, lakini ulisomeka. Akafikiri kidogo, akamwita yule mpagazi aliyekuwa na sanduku begani, akamwambia alishushe na aandike liendako. Mpagazi akapangusa kiganja kwenye suruali, akaandika. Ilisomeka. Hakuna tone.

"Basi," mkaguzi akasema, "kuanzia mwezi ujao kila mpagazi ataandika sanduku lake mwenyewe, pale pale mlangoni. Foleni ya kusubiri kuandikiwa imekwisha. Nitahitaji kalamu arobaini kwa kuanzia."

Wapagazi walipiga makofi. Msimamizi alipiga makofi. Mama Majaribio alikuwa ameinua mikono apige na yeye, ndipo alipoelewa kilichosemwa, na mikono ikabaki hewani. Kama kila mpagazi anaandika, mwandika alama ni wa nini? Alikuwa amekesha na mvuke na spiriti ili mumewe asitolewe pale, na ni yeye aliyemtoa, kwa mikono yake, mbele ya macho yake. Hakuthubutu kumtazama.

"Ulikuwa na wazo gani ulipoitengeneza?" mkaguzi alimuuliza. "Nitatakiwa kuandika kwenye ripoti."

"Kuokoa muda," akasema. "Kuokoa muda na wino."

"Hapana," Bwana Herufi akasema.

Alisogea mbele, akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya watu wote, kiganja chini, vidole vimeachana. Vidole vilikuwa vinacheza, na aliviacha vicheze.

"Andika ukweli wake. Alinitengenezea mimi. Mkono wangu unatetemeka, huu ni mwaka wa pili. Sanduku la vioo nililipoteza mimi, na si kwa ajili ya baridi wala kahawa. Huyu aliona, akatengeneza kitu, na kimefanya kazi. Usimwandikie muda na wino."

Mkaguzi aliutazama mkono, akarudi kuyatazama masanduku kumi, akavaa miwani akayatazama tena. "Mkono huu ndio umeandika haya?"

"Huo huo."

"Basi kwenye kalamu hii nitakuamini wewe kuliko wote. Kazi ya brashi humu imekwisha, siwezi kukudanganya. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo arobaini itakayoingia ghalani kwangu kabla wewe hujaiandikia. Ikinyooka kwako, itanyooka kwa yeyote. Sasa niambie kasoro zake."

Mama Majaribio alitegemea mumewe aseme hazipo. Bwana Herufi akajikohoza.

"Ncha inalika upande mmoja. Ikifika sanduku la nane herufi zinanenepa, tazama hiyo M. Kifuniko kinavuta wino, ukikifungua ghafla kinatema. Mwili wake ni mwembamba, vidole vinashikwa na ganzi. Tundu la nyuma likizibwa na kiganja, inakata pumzi. Na gundi imezidi kidogo. Mwisho wa mstari inakokota."

"Gundi haijazidi," mkewe akasema.

"Imezidi."

"Nikiipunguza wino utatambaa, utapata ndevu."

"Ipunguze nusu. Na ncha uikate mshazari, uone kama haitalika sawasawa."

"Mshazari?" Aliiangalia ncha, mdomo wazi. "Mshazari. Ngoja. Ukiikata mshazari utapata mistari miwili, mwembamba na mnene, kwa kalamu moja." Alikuwa amekwisha kulitua kapu juu ya mzani na kuchomoa pini ya kofia kwenye kola yake, na wote wawili walikuwa wameinamia kile kikopo, wakibishana, wamesahau kwamba mkaguzi amesimama pale na kwamba watu arobaini wanawasikiliza.

Walitoka pamoja kwenda duka la dawa kuulizia vikopo. Barabarani walikuwa wamefika kwenye kasoro ya tisa ndipo Mama Majaribio alipopunguza mwendo.

"Hizi zote umezijua lini?"

"Jana alfajiri, uani."

"Na ulirudi usiku hukuniambia hata moja."

"Ningekuambiaje? Ningesema tu inakokota, ungeniuliza nimejuaje. Halafu ningekuwa nimekubali kwamba naihitaji."

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani."

"Najua. Pazia lilikuwa linatembea, na upepo haukuwepo."

Mama Majaribio alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, akasimama pale pale kando ya barabara. Miaka miwili walilala kitanda kimoja, kila mmoja akimfichia mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua. Kulikuwa na swali alilokuwa nalo muda wote huo, la kawaida kabisa, ambalo mtu humuuliza hata jirani. Akamshika ule mkono, ukawa unatetemeka ndani ya mikono yake.

"Huu mkono," akasema, "unauma?"

"Hauumi. Ulikuwa unanitia aibu tu."

"Mpaka lini?"

Bwana Herufi alifikiri, maana hakuwa mtu wa kukadiria.

"Mpaka saa tano na robo ya leo," akasema.